Gari lililotumika limeonyesha kasoro ya gia baada ya kununuliwa yadi: wajibu wa muuzaji unaishia wapi?

Mkaza Mwendo (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya yeyote anayeijua sheria ya mauzo au biashara ya magari yaliyotumika. Nilinunua gari la gia otomatiki kutoka kwa muuzaji ambaye kazi yake ni hiyo, mwenye yadi na wafanyakazi, si mtu binafsi anayeuza gari lake la nyumbani. Kabla ya kulipa nilimuuliza kwa ujumbe wa simu kuhusu injini na gia, naye akanijibu kwa maandishi kwamba vyote viwili havijawahi kufunguliwa na kwamba gari halina tatizo lolote analolijua. Nililiendesha umbali mfupi, nikamwomba fundi alitazame kwa juu juu, na hakuona jambo la kutia shaka. Siku ya kukabidhiwa nilitia saini fomu iliyosema kwamba gari limeuzwa kama lilivyo, kwamba nimelikagua na kuridhika, na kwamba fedha zikishapokewa hazirudishwi.

Wiki chache baadaye gari likaanza kusitasita linapotoka gia ya pili kwenda ya tatu, hasa likishapata moto: injini inanguruma, mwendo hauongezeki, kisha gia inaingia kwa kishindo. Gereji niliyolipeleka ilisema kwamba oili ya gia imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, na kwamba tatizo la namna hiyo haliwezi kuwa limezaliwa wiki hizi. Muuzaji anasema kwamba gari lililotumika halina dhamana na kwamba saini yangu imemaliza mjadala, ila kwa hisani yake yuko tayari kulipa nusu ya ufundi endapo gia itafunguliwa katika gereji atakayoichagua yeye.

Je, saini ile inaniondolea haki zote? Je, kule kulikagua gari kunanigeukia mimi? Na kama haki ninayo, ni ya kurudisha gari na kudai fedha zangu, au ni ya kutengenezewa tu? Sikuja hapa kumchafulia mtu jina, ndiyo maana simtaji. Nataka kujua haki yangu kabla sijamjibu.

Karani wa Mizani

Ndugu Mkaza Mwendo, kwa kuwa hukutaja sheria ya nchi gani inayoutawala mkataba wako, nitaanza na msingi ambao nchi nyingi zinaukubali, kisha nionyeshe mahali zinapoachana njia, maana ni kubwa.

Kanuni ya kale ilimtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya 1893 iliipunguza makali kwa mtu anayenunua kutoka kwa mfanyabiashara: bidhaa ikinunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, mkataba unahesabiwa kuwa na sharti, hata kama hakuna aliyelitamka, kwamba bidhaa iwe na ubora wa kustahili kuuzwa. Sheria hiyo ndiyo mama wa sheria za mauzo za nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza, Kenya na Tanzania zikiwamo, kwa hiyo hoja yako ya kwamba muuzaji ana yadi ina uzito kuliko unavyodhani. Ungelinunua kutoka kwa jirani, sharti hilo lisingekuwapo.

Hata hivyo ubora huo si ukamilifu. Katika kesi ya Bartlett dhidi ya Sidney Marcus ya 1965, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishughulikia gari lililotumika ambalo mnunuzi alielezwa mapema kwamba klachi yake ina kasoro na akapunguziwa bei. Matengenezo yalipogeuka kuwa ghali kuliko ilivyotarajiwa, alishindwa, kwa sababu gari lilikuwa bado linatumika na kasoro alikuwa ameambiwa. Muuzaji wako atapenda kuegemea hapo. Lakini tazama tofauti: yule aliambiwa, wewe uliambiwa kinyume chake. Kipimo cha gari lililotumika huzingatia umri wake, kilomita zake, bei yake na jinsi lilivyoelezwa, na gari ambalo gia yake inateleza wiki chache baada ya kukabidhiwa ni vigumu kuliita gari la kawaida la umri wake, isipokuwa kama liliuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Ule ujumbe wa simu ndio ninaouona kuwa silaha yako kubwa, na ninashangaa umeutaja kwa kupita tu. Mahakama zimetofautisha kwa muda mrefu maneno ya mfanyabiashara na maneno ya mtu wa kawaida. Mwaka 1957, katika kesi ya Oscar Chess dhidi ya Williams, mtu binafsi aliyesema gari lake ni la mwaka 1948 kumbe ni la 1939 hakuwajibishwa, kwa kuwa aliitegemea hati iliyokuwa imebadilishwa na mtu mwingine na hakuwa na utaalamu wa kugundua. Mwaka 1965 muuzaji wa magari alimwambia mnunuzi kwamba gari aina ya Bentley limetembea maili 20,000 tu tangu liwekewe injini na gia boksi nyingine, ilhali lilikuwa limetembea karibu 100,000, naye akawajibishwa kana kwamba ameahidi ndani ya mkataba, kwa sababu alikuwa katika nafasi ya kujua au kutafuta ukweli. Maneno kwamba gia haijawahi kufunguliwa yako upande huo wa pili. Likithibitika kuwa ni uongo aliojua kuwa ni uongo, tunatoka kwenye ubora na kuingia kwenye udanganyifu, ambao fomu ya aina ile haiukingi.

Kuhusu fomu yenyewe, hapo ndipo nchi zinapoachana. Uingereza, kwa Sheria ya Haki za Walaji ya 2015, mfanyabiashara hawezi kumwondolea mlaji haki ya ubora kwa maneno yoyote ya mkataba, kwa hiyo karatasi ya "kama lilivyo" haina nguvu hiyo mbele ya mtu aliyenunua kwa matumizi yake binafsi. Umoja wa Ulaya, kwa Maelekezo namba 771 ya 2019, unamwajibisha muuzaji kwa miaka 2, na nchi wanachama zinaweza kuruhusu pande mbili kukubaliana muda mfupi zaidi kwa bidhaa zilizotumika, lakini usipungue mwaka 1. Marekani ni habari nyingine: kanuni ya shirikisho inamtaka muuzaji abandike kwenye dirisha la gari lililotumika karatasi inayoonyesha kama linauzwa na dhamana au kama lilivyo, na majimbo mengi yanaiheshimu kauli hiyo, ingawa baadhi, Massachusetts likiwa mojawapo, yanamlazimu muuzaji kutoa dhamana. Katika nchi zilizobaki na muundo wa 1893, masharti yasiyoandikwa yanaweza kuondolewa kwa makubaliano, kwa hiyo tafuta kwanza kama nchi yako imetunga baadaye sheria ya kumlinda mlaji inayozuia jambo hilo. Swali hili moja linaweza kuibadilisha kesi yako yote.

Kulikagua gari hakukufungi kwa kila kitu, bali kwa kasoro ambazo ukaguzi ulioufanya ulipaswa kuzifichua. Fundi aliyetazama kwa juu juu hakuwa na namna ya kuona klachi zilizo ndani ya gia. Kinyume cha matarajio ya wengi, mtu aliyelipima gari kwa kina kabla ya kununua anaweza kupoteza hoja ambayo mtu aliyelizunguka tu anabaki nayo, jambo ambalo sioni kuwa ni la haki sana lakini ndivyo lilivyo.

Kuhusu kurudisha au kutengenezewa, Uingereza inampa mlaji siku 30 za kulikataa gari na kurudishiwa fedha, mradi kasoro ithibitike kuwa ilikuwapo wakati wa kukabidhiwa. Zikishapita, muuzaji anapewa nafasi 1 ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana mnunuzi anachagua kupunguziwa bei au kulirudisha, na kwa magari muuzaji anaruhusiwa kukata kiasi kwa ajili ya matumizi. Penye sheria za muundo wa kale hakuna idadi ya siku. Unaweza kulikataa mpaka utakapohesabiwa kuwa umelikubali, na ukikaa kimya huku unalitumia utahesabiwa hivyo. Baada ya hapo inabaki fidia tu. Kwa sababu hiyo, mwandikie sasa, usingoje mazungumzo yaishe.

Spana Kumi na Tatu

Mimi ni fundi, si mwanasheria, na ninataka kuongezea upande wa ushahidi, kwa kuwa nimeona wanunuzi wenye haki wakishindwa kwa sababu walimruhusu mtu kufungua gia kabla ya jambo lolote kuandikwa.

Kwanza, gereji iliyokwambia kwamba tatizo "haliwezi kuwa limezaliwa wiki hizi" imesema kwa uhakika kuliko ushahidi unavyoruhusu. Oili iliyoungua na kubeba unga wa klachi mara nyingi ni kazi ya muda mrefu, ni kweli, lakini oili ikivuja ikapungua, au kipozeo chake kikipasuka na maji yakaingia, gia otomatiki inaweza kuharibika haraka sana. Vilevile kuchelewa kwa gia moja tu kunaweza kutokana na solenoidi, yaani kifaa cha umeme kinachoongoza oili ya gia, au uchafu kwenye vali, ambavyo si sawa na klachi kuisha. Muuzaji akileta fundi wake mwenye akili, atauliza hayo. Omba ripoti iliyoandikwa, yenye namba ya chesisi, kilomita zilizosomwa, kiwango cha oili kilichokutwa, hali yake, na kama palionekana uvujaji; pale fundi anapokisia, aandike kwamba anakisia na aeleze kwa nini.

Pili, kabla mtu yeyote hajafuta chochote, gari liunganishwe na mashine ya kusoma hitilafu na matokeo yachapishwe. Watu wengi huangalia namba za hitilafu tu, ilhali magari mengi ya miaka ya karibuni huhifadhi pia umbali uliotembewa tangu kumbukumbu za hitilafu zilipofutwa mara ya mwisho. Chukua umbali huo, uutoe kwenye kilomita za sasa, kisha ulinganishe na kilomita zilizoandikwa kwenye hati ya makabidhiano. Ikiwa kumbukumbu zilifutwa gari likiwa bado yadini, hesabu itaonyesha. Jambo hilo peke yake halithibitishi nia mbaya, kwa sababu kwenye baadhi ya magari hata kuondoa betri hufuta kumbukumbu, lakini linamlazimu muuzaji kueleza kwa nini zilifutwa. Na kama gereji yako tayari imezifuta, basi ushahidi huo umepotea, na ni vyema ulijue mapema kuliko kuaibishwa nao baadaye.

Tatu, dai la kwamba gia haijawahi kufunguliwa linaweza kupimwa bila kuifungua. Vichwa vya bolti vilivyokwisha kuguswa na spana huacha alama. Gundi ya kuzibia iliyopakwa kwa mkono haifanani na ya kiwandani. Bolti zisizofanana, au sahani ya chini inayong'aa kuliko vyuma vinavyoizunguka, hupigwa picha kwa dakika chache. Oili ikimwagwa, weka sampuli kwenye chupa safi iliyofungwa na kuandikwa tarehe. Gia ikifunguliwa, ifunguliwe mbele ya pande zote mbili au baada ya muuzaji kupewa notisi ya siku na saa akakataa kuja, na kila kifaa kitakachotolewa kitunzwe.

Aliyekuwa Yadini

Nimefanya kazi ya kuuza magari yaliyotumika kwa muda mrefu kabla ya kuiacha, na naomba niseme mambo mawili ambayo waliotangulia hawakuyagusa.

La kwanza ni kwamba hukueleza jina la nani limeandikwa kama muuzaji kwenye mkataba na kwenye stakabadhi. Magari mengi yanayosimama yadini si mali ya mwenye yadi. Mtu binafsi huliacha gari lake pale, yadi ikaliuza kwa niaba yake na kuchukua kamisheni. Siku ya mgogoro, mwenye yadi hukumbuka ghafla kwamba yeye alikuwa dalali tu, na mwenye gari hukumbuka kwamba yeye si mfanyabiashara, nawe unabaki katikati. Soma karatasi zako leo. Kama hukuelezwa kwamba gari ni la mtu mwingine, sema hivyo katika barua yako.

La pili ni ile ahadi ya nusu ya ufundi. Kwenye kazi ya gia otomatiki, mzigo mkubwa mara nyingi uko kwenye vipuri, yaani seti ya klachi, sili, oili, na pengine gia boksi nyingine nzima, na yeye hakutaja vipuri hata kidogo. Zaidi ya hapo, gereji itakuwa ya kwake, ushahidi utafunguliwa huko, na ninaweza kukisia kwamba utaletewa karatasi nyingine ya kutia saini yenye maneno ya kumaliza madai yote. Sisemi ukatae kila ahadi, kwa sababu muuzaji anayelinda jina lake mara nyingi hutengeneza kweli na mambo yakaisha bila wakili, na mimi mwenyewe nimeidhinisha matengenezo kwa wateja ambao kisheria labda tungewashinda. Ninachosema ni kwamba ukikubali matengenezo, maandishi yataje kazi itakayofanywa, nani analipia vipuri, itachukua muda gani, na kwamba kukubali kwako hakuondoi haki ya kulirudisha gari endapo kasoro itarejea.

Naongeza, kwa kutetea kidogo upande niliotoka, kwamba mnunuzi anayekuja na madai ya kila kitu kwa pamoja, breki pedi zilizokwisha, bushi zinazogonga na redio isiyowaka, anapoteza sikio la muuzaji na la hakimu pia. Breki pedi na bushi ni vitu vya kuisha kwenye gari lolote. Shikilia gia peke yake.

Mkaza Mwendo

Nawashukuru sana. Nimezisoma karatasi tena: stakabadhi ina jina la yadi, na hakuna mahali panapotajwa mtu mwingine. Gereji inasema haikufuta kumbukumbu zozote, na nimeomba matokeo yachapishwe. Nimebaki na maswali mawili. Sehemu ya bei ililipwa na taasisi ya mikopo ambayo ninairudishia kwa awamu. Je, ninaweza kusitisha malipo mpaka jambo hili liishe? Na je, kuendelea kulitumia gari kwa safari fupi kunaniharibia, ikiwa sina usafiri mwingine?

Karani wa Mizani

Usisitishe malipo kwa uamuzi wako peke yako. Kama ni mkopo wa kawaida, deni lako kwa taasisi ni mkataba unaojitegemea, na gari bovu si utetezi dhidi yake. Utajikuta na mgogoro wa pili ambao wewe ndiye mkosaji. Ikiwa hata hivyo ulinunua kwa mpango ambao taasisi inabaki kuwa mmiliki mpaka awamu ya mwisho, basi kisheria inaweza kuwa yenyewe ndiyo iliyokupatia gari, na madai ya ubora yanaelekezwa kwake pia. Kwa vyovyote vile ijulishe kwa maandishi, kwa sababu taasisi yenye fedha ndani ya gari hilo ina uwezo wa kumbana muuzaji kuliko ulionao wewe.

Kuhusu kulitumia, kuna kesi inayopendwa kunukuliwa, Rowland dhidi ya Divall ya 1923, ambapo mnunuzi alirudishiwa bei yote ingawa gari lilikuwa limetumika kwa miezi kadhaa. Usijifariji nayo. Gari lile lilikuwa la wizi, kwa hiyo muuzaji hakuwa na umiliki wowote wa kuhamisha. Kesi yako ni ya ubora, na kwenye ubora matumizi yanayoendelea baada ya kuijua kasoro ni hoja ya bure unayompa mpinzani. Atasema umelikubali gari, na atasema pia kwamba klachi zilizoungua uliziunguza mwenyewe kwa kuendesha gia iliyokuwa inateleza. Fundi wetu hapo juu atakubali kwamba hoja hiyo ya pili si ya kupuuzwa.

Nani anapaswa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwapo tangu mwanzo ni suala lingine ambalo nililiacha. Kwa kawaida ni mnunuzi. Uingereza, mlaji akidai kutengenezewa au kupunguziwa bei, kasoro iliyojitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Umoja wa Ulaya muda huo sasa ni mwaka 1. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri lililotoka Uholanzi kuhusu gari lililotumika ambalo liliwaka moto barabarani, kwamba mnunuzi hahitaji kuthibitisha chanzo cha kasoro, bali kwamba kasoro ipo na kwamba ilijitokeza ndani ya muda. Penye sheria isiyo na dhana hiyo, ripoti ya fundi inabeba mzigo wote, ndiyo maana ushauri wa Spana Kumi na Tatu usiuchukue kama nyongeza.

Barua yako iwe fupi. Taja tarehe ya mauzo na namba ya chesisi, nukuu maneno ya ujumbe wake neno kwa neno, eleza kasoro na lini ilianza, ambatisha ripoti, na useme wazi unachotaka: kama ni kulikataa gari, andika kwamba unalikataa na kwamba liko tayari kuchukuliwa, kwa sababu malalamiko yasiyo na uamuzi hayahesabiwi kuwa ni kukataa. Mwalike aje kulikagua pamoja na fundi wake ndani ya muda unaoutaja. Ipeleke kwa njia itakayoacha ushahidi wa kupokewa, hifadhi ule ujumbe wa simu mahali pengine zaidi ya simu yenyewe, na asipojibu nenda kwenye chombo cha kumlinda mlaji kabla ya mahakama, kwa kuwa mara nyingi gharama yake ni ndogo na wauzaji wenye leseni hukiogopa.